Kinyozi Aliyenyoa kwa Masikio

Jina lake la nyumbani alilijua mkewe na watu wawili watatu. Mtaa mzima ulimwita Ngoja Kwanza, na jina hilo alilipata kwa haki. Ukimketisha mwanao kwenye kiti chake, akishamfunga shuka shingoni na kuwasha mashine ya kunyolea, unamwona ameinua mkono juu, kichwa amekilaza upande kama mtu anayesikiliza hodi ya mbali.

"Ngoja kwanza," anasema.

Halafu mkono unashuka, mashine inapita mara mbili, na mkono unapanda tena. "Ngoja kwanza."

Alichokuwa anakingoja ni gemu. Pembeni ya kioo chake kulikuwa na televisheni ya zamani yenye kichogo, na chini yake mashine ya gemu ya zamani zaidi, ya miaka ile ambayo kila gemu lilikuja na kaseti yake nene ya plastiki. Aliachiwa na mteja wake mmoja, mwalimu, aliyekuwa anahama na hakutaka kubeba vitu vizito. Kaseti ilikuwa moja tu, tena imenasa ndani, haitoki hata kwa bisibisi. Ukitaka kucheza unacheza hilo hilo: askari kifua wazi anakimbia kutoka kushoto kwenda kulia, anamwaga risasi bila kupumzika, anaruka mashimo, ananing'inia kwenye vyuma, na kila mwisho wa hatua anakutana na dude kubwa la chuma linalotema moto. Una roho tatu. Risasi moja ikikugusa, roho moja imekwenda. Zikiisha zote unarudi mwanzo kabisa, kwa maana gemu lile halikujua kumtunzia mtu alipofika.

Ngoja Kwanza mwenyewe hakuwahi kulicheza. Aliliwasha ili watoto wasimlilie kwenye kiti, basi. Mwezi wa kwanza alijuta. Mtoto akicheza hakai. Askari akiruka, na kichwa cha mtoto kinaruka. Risasi ikija kutoka juu, mtoto anainama kana kwamba inamjia yeye. Siku moja mashine ilipita utosini mwa mtoto ikaacha mstari mweupe toka mbele hadi nyuma, na mama yake akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Nimekuambia umnyoe, wewe umemchongea barabara!"

Jioni ile alimwambia mkewe kwamba gemu anatupa. Mkewe alikuwa anachambua mchele, hakuinua hata uso.

"Utupe kwa nini? Macho yako yako kwenye kichwa cha mtoto, sawa. Masikio yako yako wapi?"

Akaanza kusikiliza. Polepole, kichwa baada ya kichwa, gemu likamwingia. Alijua kwamba mwanzoni kuna ngoma tatu, halafu mbio. Ndege ya vita ikipita kwa mngurumo, daraja linavunjika, mtoto ataruka: mkono juu. Muziki ukishuka na kuwa uzi mmoja mwembamba, askari amening'inia kwenye vyuma, na hapo mtoto anatulia kama picha, vidole tu ndivyo vinavyotembea. Hapo unazunguka sikio. King'ora kikilia, dude la chuma linakuja. Mtoto anakaza shingo, anauma meno, anasahau hata kupumua. Hapo unamaliza kisogo, na uwe mwepesi.

Tangu hapo hakuna mtoto aliyetoka kwake na barabara kichwani. Asubuhi akipangusa vumbi juu ya ile mashine ya gemu alikuwa anasema kimoyomoyo, asante mwalimu, popote ulipo.

Basi, Jumamosi moja kabla ya saa sita, mama mmoja kijana aliingia na binti yake wa miaka sita. Binti alikuwa amefungwa kitambaa kichwani, na alipoona kiti cha kunyolea alijibana kwenye gauni la mama yake hadi mama akayumba.

"Kaka, samahani," mama alisema kwa sauti ya chini. "Nimeambiwa wewe una subira."

Alifungua kitambaa kidogo tu, upande mmoja. Mapunye. Tena si yale makavu ya vidoa vidoa. Haya yalikuwa yamevimba, yametoa usaha, na nywele zimegandia juu yake. Mama alieleza haraka haraka, kama mtu anayeogopa kufukuzwa. Kinyozi mwingine alimbana mtoto sikio kwa mashine mwaka jana, likatoka damu. Tangu hapo akisikia mlio wa mashine tu anapiga kelele mpaka anatapika. Amejaribu mkasi akiwa amelala, akaamka. Nesi wa zahanati amesema dawa haifai kitu juu ya nywele, kichwa lazima kiwe cheupe, na kikiendelea hivi zile sehemu hazitaota nywele tena maisha yake. Shule wamemrudisha nyumbani, wiki ya tatu sasa.

"Dawa ninayo," alisema, akatoa bomba dogo la dawa kwenye mkoba. Halijafunguliwa.

Kwenye benchi alikuwa amekaa fundi uashi, mteja wa siku nyingi, saruji kwenye kucha.

"Ngoja Kwanza, na hayo madudu si yatatuhamia sisi?"

"Wewe una kipara, yatashika wapi?" Kinyozi alivaa glavu, akafungua droo ya chini akatoa mashine ndogo ya kuchaji aliyoitenga kwa vichwa vyenye ugonjwa tu. Meno yake huyalowesha kwenye spiriti kila baada ya kazi. Aliificha kwenye mfuko wa nyuma wa suruali. "Binti, hujambo? Unaijua hii?"

Alimpa pedi, kile kishikio cha gemu chenye vitufe. Binti aliitazama, akamtazama mama, akaipokea kwa mkono mmoja.

Hakuwahi kuishika maishani. Askari alitembea hatua tano akaingia shimoni. Akaingia tena. Akaingia tena. Kinyozi hakugusa kichwa. Alisimama nyuma ya kiti, mikono mitupu, akingoja. Ilipita nusu saa.

"Mimi nimekuja kunyolewa, si kuangalia maziko," fundi uashi alinung'unika. Lakini shimo la sita lilimshinda uvumilivu, akasogeza benchi mbele. "Ruka, mama! Kile kitufe cha chini! Usimhurumie, ruka!"

Binti akaruka. Akavuka shimo, akavuka daraja, akafika kwenye vyuma, askari akaning'inia, muziki ukashuka ukawa uzi. Kinyozi aliongeza sauti ya televisheni kwa kidole kimoja na kwa mkono wa pili akawasha mashine. Binti hakusikia. Nywele za kwanza zilianguka kwenye shuka, nzito, zimegandamana. Mama alijiziba mdomo.

Walikwenda hivyo. Daraja, mkono juu. Vyuma, mkono chini. King'ora, kisogo. Binti akifa anarudi mwanzo, na kinyozi anapata vyuma vingine. Upande wa kushoto ulikuwa umekwisha, mweupe, na vidonda vyake vimeonekana vyote, pale umeme ulipokatika.

Televisheni ikafa. Kibanda kikawa kimya, na ndani ya kimya kile kikabaki kitu kimoja tu: mlio wa mashine ya kuchaji, zzzz, karibu kabisa na sikio.

Binti alipiga ukelele ambao ulisimamisha watu barabarani. Alishika kichwa kwa mikono miwili, magoti kifuani, pedi ikaanguka. Kinyozi alizima mashine hapo hapo. Mama alikuja akamkumbatia na shuka lake.

"Basi mama, basi, basi. Kaka, acha tu. Tutarudi kesho."

Kinyozi alijua hawatarudi. Mtoto huyu hataingia tena mlango huu wala mlango wa kinyozi yeyote, na yule mama atamfunga kile kitambaa juu ya nusu iliyonyolewa na nusu inayooza, na lile bomba la dawa litakaa mkobani. Akainama, akaokota pedi, akaipangusa kwenye suruali.

Halafu kwa mdomo wake, mtu mzima, baba wa watoto watatu, akaanza: "Du. Du. Du. Takataka-takataka-takataka..."

Fundi uashi alimwangalia kama mtu aliyepandwa na wazimu. Binti aliacha kulia katikati ya pumzi.

"Takataka-takataka, askari anakimbia huyo. Shimo hilo! Nani ataruka? Mimi sijui kucheza."

Mkono mdogo ukatoka ndani ya shuka, ukachukua pedi. Kidole kikabonyeza.

"Amevuka!" kinyozi alisema. "Vuuuuum, ndege hiyo..."

"Anko, ndege bado," binti alisema kwa sauti ya mafua. "Kwanza wanakuja wale wa mabomu."

"Kweli. Nimewaruka. Fundi, leta mabomu."

Fundi uashi alijikohoza, akaangalia mlangoni kama kuna anayemjua, kisha akaanza kupiga benchi kwa viganja. Bu! Bu! Binti aliinama kwa bomu la kwanza, akainuka. Macho yake yalikuwa kwenye kioo cheusi cha televisheni, hayapepesi. Walivuka daraja. Walifika kwenye vyuma. Kinyozi alivuta sauti yake ikawa nyembamba, ule uzi, puani, na chini ya uzi huo akawasha mashine. Mlio wake na mlio wa mashine vikashikana, ukashindwa kujua upi ni upi.

Binti alining'inia. Vidole tu vilitembea.

Uzi wa kwenye gemu ulikuwa mfupi. Wa kinyozi ulikwenda, akavuta pumzi, ukaendelea, akazunguka sikio la kulia, lile lenye kovu, akapanda utosini.

"Anko, hapa si parefu hivi."

"Leo wameongeza vyuma, mama. Shikilia tu, usiachie."

"Nimeshika."

Alipozima mashine hakukuwa na unywele hata mmoja. Fundi uashi alipiga king'ora kwa mdomo, akalipiga na dude la chuma likalipuka, ingawa hakuna aliyemwomba.

Mama alikuwa analia bila sauti. "Kaka, sijui nikushukuru vipi."

"Usinianzie mimi," kinyozi alisema, akivua glavu. Koo lilikuwa limemkauka. "Kuna mtu mahali fulani, simjui hata rangi, alikaa akatunga ule muziki kipimo kwa kipimo. Hajui kwamba mimi nakula kwa muziki wake. Huyo ni wa kushukuriwa kila siku. Na mwalimu wangu. Na fundi hapa, leo."

"Mimi nishukuru kwa kuninyoa," fundi alisema. "Nimekaa hapa tangu saa nne."

"Unyolewe nini?"

Mama alicheka kwenye machozi. Kinyozi alimpa pamba na kumsogezea kigoda, akamwambia asingoje kufika nyumbani. Mama alilifungua lile bomba, akalitoboa kwa ncha ya kifuniko, akaanza na kidonda kikubwa nyuma ya sikio, kwa pamba, taratibu, akipuliza.

"Inauma?"

Binti alifikiri, pedi bado mapajani.

"Hapana," alisema. "Baridi tu."