Mfuko kwa Ajili ya Mkono

Denise anashona nguo nyuma ya jengo la maduka la Skärholmen, pembeni mwa mji mkuu wa Sweden, katika chumba anachogawana na fundi viatu Mturuki. Ukiingia, simama upande wake wa kulia. Ukisimama kushoto utaongea na mgongo wake, maana sikio la upande huo lilikufa akiwa na miaka ishirini na saba.

Mimi nilifika hapo Novemba na zipu iliyovunjika, nikiwa njiani kuelekea mji mwingine. Koti lilichukua siku mbili, nami nikakaa wiki tano. Ndipo nilipomwona Mueni akiingia, na kitambulisho cha kazi kikining'inia shingoni. Ni Mkamba wa Machakos, mwenye miaka arobaini na mmoja. Anafanya kazi ya hemtjänst, ya kuzunguka nyumba za wazee kuwaogesha, kuwapa dawa na kuwapashia chakula.

"Mama Christelle," alimwambia Denise, akimwita kwa jina la bintiye, "nataka mfuko kwa hili koti. Wa ndani. Usionekane."

"Wa kuweka nini?"

Mueni alimtazama fundi viatu, kisha akatoa kopo jeusi dogo la kupulizia, refu kama kidole cha kati.

"Pilipili."

"Pilipili? Unaenda kumupikia nani?"

"Si ya kupika. Ni ya macho ya mtu."

Denise akazima cherehani.

Kila Jumanne na Alhamisi, saa nne asubuhi, Mueni humhudumia bibi wa miaka tisini na mmoja huko Sundbyberg, ghorofa ya sita. Jina lake Gun-Britt. Katika jengo hilo anaishi mwanamume wa makamo. Mara mbili aliingia kwenye lifti nyuma ya Mueni, akamkamata ukosi wa koti na kumbana kwenye kioo hadi ghorofa ya sita. Hakusema neno. Mlango ulipofunguka alimwachilia, akashuka ngazi kwa miguu. Mueni aliripoti polisi. Barua ikaja kwamba hakuna shahidi, uchunguzi umefungwa. Msimamizi wake alikubali kwamba wangekwenda wawili wawili, lakini huyo wa pili hakuwepo.

"Na ngazi?" Denise aliuliza.

"Nimejaribu. Alinifuata ngazini pia. Heri lifti, angalau inafika."

Denise alizaliwa Uvira, na alishona mifuko ya siri kabla hajashona gauni hata moja. Enzi za vita, wanamama waliovuka kwenda kuuza Bujumbura walimletea vikwembe, vile vitenge vyao, naye akawafichia pesa na karatasi ndani ya pindo. Alisifika sana, kwa sababu hakuna aliyeweza kuona mshono wake. Yeye mwenyewe alivaa wa namna hiyo siku aliposimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani. Wale vijana wenye bunduki walitaka pesa, na pesa alikuwa nazo. Lakini mfuko ulikuwa umeshonwa vizuri mno. Vidole vyake vilihangaika kwenye pindo, wakadhani anawachezea, na mmoja akampiga kwa kitako cha bunduki juu ya sikio la kushoto.

"Nilishona kwa ajili ya macho ya watu," alimwambia Mueni. "Nikasahau mukono yangu. Simama pale. Tia hiyo kitu kwa sakoshi."

Mueni akatia kopo ndani ya mkoba, akaufunga. Denise, mwembamba, miaka hamsini na minane, akamrukia kama paka, akamkamata ukosi na kumbana ukutani kati ya makoti yaliyoning'inia.

"Leta!"

"Ai, Mama Christelle!"

"Yeye atangoja useme ai? Leta!"

Mkoba ulikuwa umebanwa kati ya matumbo yao. Wakajaribu mfuko wa nje wa koti. Kifuniko kilikuwa na vifungo viwili vya kubonyeza, na Mueni alikuwa amevaa glavu za sufu, maana nje baridi ilikuwa chini ya sifuri. Wakajaribu kifuani, lakini mkono wa Denise ulikuwa umeshatangulia kufika hapo. Wakajaribu kiunoni, chini ya sweta. Koti lilifika magotini, na ilibidi kulivua nusu. Wakajaribu ndani ya mkono wa koti, na kopo likaanguka likabingirika hadi miguuni pa fundi viatu, ambaye aliliokota, akalitazama na kutikisa kichwa.

"Fimbo ya mbali haiui nyoka," alisema Mueni, akihema.

"Hii haiko mbali, ma fille. Iko kwa mwili yako. Ni mukono ndiyo iko mbali."

Jumamosi akaja Christelle, bintiye Denise. Anafanya kazi ofisini huko Sundbyberg na kumletea mama yake ununuzi wa wiki. Mama humsemesha Kiswahili, naye hujibu kwa Kiswidi. Ndivyo walivyo tangu Christelle aanze shule. Alipoliona kopo juu ya meza hakukaa hata kitini.

"Mamma, det där är olagligt."

Kisha, kwa sababu Mueni alikuwepo, akajilazimisha Kiswahili: ni kinyume cha sheria. Hapa Sweden dawa hiyo ni silaha. Bila kibali, kuwa nayo tu ni kosa. Mueni alikuwa ameinunua Hamburg alipomtembelea dada yake. Iliuzwa wazi, rafu moja na mafuta ya mikono, kwa ajili ya kufukuza mbwa, naye akaona kilicho halali huko ni halali na huku, maana basi halikusimamishwa popote. Alikuwa na miezi kumi na minne akisubiri jibu la ombi lake la uraia. Kosa moja kwenye rekodi, na angesubiri miaka mingine. Pengine na kazi ya kushika funguo za wazee ingekwenda.

"Kwa hivyo niende mikono mitupu?"

"Ulikuwa mikono mitupu hata na hiyo pilipili," Denise alisema. "Si tumeona?"

Christelle alipiga simu kuuliza linasalimishwa wapi, na kopo likasalimishwa. Badala yake akamletea Mueni king'ora cha mfukoni, kitu halali, kidogo kama kiberiti. Kina pini yenye kamba. Ukivuta pini, kinalia mpaka masikio yaume.

Denise alikaa nacho siku tatu. Mueni alitaka kukishika mkononi, lakini mkono huo hufungua milango, hubeba dawa, humshika bibi kwapani. Basi Denise akaacha kuutegemea mkono. Akashona mfuko mdogo ndani ya koti, chini ya mbavu, na king'ora akakifunga humo kwa uzi wa viatu aliomwomba fundi aukate. Kamba ya pini akaipitisha chini ya bitana, hadi juu, akaishonea kwenye ukosi. Mtu akivuta ukosi, anavuta pini mwenyewe.

"Sasa atafanya kazi kwa mukono yake," alisema. Ndiyo mara pekee niliyomwona akicheka hadi meno ya nyuma.

Kosa lilijitokeza wiki iliyofuata, ndani ya treni. Mueni aliinama kufunga kamba za kiatu, ukosi ukapanda, na king'ora kikalia behewa zima. Alihangaika karibu nusu dakika kurudisha pini. Abiria walitoa vipokea sauti masikioni, wakamtazama, wakavirudisha. Hakuna aliyeuliza kitu.

Alimweleza Denise akicheka, kisha akaacha kucheka.

"Ningekuwa nachinjwa, Mama Christelle."

Denise aliilegeza kamba kwa upana wa vidole vinne. Akafikiri kidogo, akasema, "Ukifika pale chini, unipigie mimi. Usikate mupaka bibi afungue mulango."

Ikawa hivyo Desemba yote na Januari, nami nikiwa nimeshaondoka. Denise anakaa Hjulsta, mwisho wa njia ya buluu ya treni za mji. Mumewe Zacharie alifariki miaka minne iliyopita, na kuna siku anasafiri kutoka kwake hadi Skärholmen, treni mbili, asisemeshwe na mtu. Lakini Jumanne na Alhamisi, saa nne kasoro dakika tano, aliweka simu kulia kwa cherehani na kuongeza sauti hadi mwisho. Mwanzoni walizungumza. Baadaye Mueni aliacha kuongea ili asikie nyuma yake, na Denise naye akanyamaza ili amsikie. Alivijua viatu vikigonga sakafu, lifti ikivuta pumzi, funguo. Halafu sauti ya Gun-Britt ikimsalimu Mueni, hej hej. Hapo ndipo alipokata simu na kuwasha cherehani.

Alhamisi moja mwishoni mwa Februari, lifti ilivuta pumzi, na king'ora kikalia.

Denise alimnyang'anya fundi viatu simu yake, akapiga 112, namba ya dharura, akawapa anwani aliyokuwa ameikariri kama sala, jengo, ngazi, ghorofa. Simu ya Mueni hakuikata. Aliibana kwenye sikio zima, na ndani yake hakukuwa na kitu ila kile kilio.

Kule kwenye lifti, Mueni anasema, mwanamume aliruka nyuma kama aliyeshika sufuria ya moto. Hakuelewa sauti inatoka wapi. Mlango ukafunguka ghorofa ya sita, kelele ikajaa ngazi nzima. Ghorofa hiyo ina milango minne. Mitatu haikufunguka. Kwenye wa nne akatoka Gun-Britt na kigari chake cha kutembelea, nywele hazijachanwa, akamtazama yule mtu usoni na kumwita kwa jina lake. Miaka kumi na mmoja wamekuwa majirani.

"Ni sauti ya kwanza nimeisikia vizuri tangu mwaka juzi," bibi aliwaambia polisi. Safari hii shahidi alikuwepo, na uchunguzi ukafunguliwa upya.

Mueni alihamishiwa upande mwingine wa mji, kwenye nyumba za chini zisizo na lifti, na mwenzake wa pili akapatikana. Alimpigia Denise kumshukuru. Akapiga tena mara moja, wiki mbili baadaye, lakini alikuwa na haraka.

Nilipita tena Aprili. Ilikuwa Alhamisi. Fundi viatu alinipa kiti, nikakivutia upande wa kulia wa Denise. Simu ilikuwa hapo, karibu na mkasi, sauti imeongezwa hadi mwisho. Nilijua hivyo kwa sababu ujumbe wa duka fulani uliingia na sote tukashtuka.

"Unangojea mtu?" nikauliza.

"Hapana."

Alikuwa anapunguza suruali. Ilipofika saa nne kasoro dakika tano akazima cherehani, akachambua pini zilizokuwa tayari zimechambuliwa. Saa nne na dakika kumi hivi, muda ambao mlango wa Gun-Britt ungekuwa umeshafunguka, akaigeuza simu kifudifudi, akawasha mashine.