Chola Alitaka Mtoto

Mimi naitwa Mama Bahati. Jina nililozaliwa nalo ni Alima, lakini hapa mtaa wa Hewa Bora hakuna anayelitumia, na mtu akiniita hivyo barabarani sigeuki. Jirani yangu, tuliyetenganishwa naye na ukuta wa matofali tu, aliitwa Chola. Chola basi, hakuna Mama mbele. Alikuwa mwanamke mzima, miaka thelathini imempita, na watoto wa mtaa walimwita kwa jina lake kama mwenzao wa kucheza. Mtasema si kitu. Haya, simama kwenye bomba la maji asubuhi, kati ya Mama Fulani na Mama Fulani, uitwe hivyo kila siku, halafu uje uniambie kama si kitu.

Mume wake, Kapya, yeye alikuwa na jina. Watu walimwita Baba Bijou. Kabla ya kumwoa Chola alifanya kazi ya reli kule Sakania, akazaa na mwanamke wa huko mtoto wa kike, Bijou. Mtoto alibaki kwa mama yake, Kapya akaja Lubumbashi, akapata kazi kwenye tanuru la kuyeyusha shaba. Sasa fikirieni: Chola akimwita mumewe aje kula, kwa heshima, alimwita Baba Bijou. Kila siku, kwa mdomo wake mwenyewe, alitaja mtoto ambaye si wake. Mimi nilikuwa nasikia hapo ng'ambo ya ukuta, moyo unaniuma.

Kapya hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na kicheko cha kusikika mpaka barabara kubwa, na abakosi yake, lile koti la kuvaliwa bila tai, aliipiga pasi mwenyewe, hakumsumbua mtu. Alimpenda mke wake, hilo silikatai. Lakini kila Chola alipoona damu ya mwezi, alitoka nyumbani akaja kwangu, akakaa kando ya cherehani yangu. Mtoto wangu wa mwisho alikuwa bado wa kubebwa, basi nilimpa ambebe. Alimnusa kichwani, akafumba macho, akakaa hivyo mpaka mtoto mwenyewe akachoka na kulia.

Na watu walisema nini? Walisema tumbo la Chola limefungwa. Ushahidi ni Bijou. “Kapya iko na mutoto,” alisema mama mkwe, na hapo kesi kwisha. Basi Chola akanywa. Alikunywa mizizi michungu, alikunywa majivu kwenye maziwa, aliombewa na watu wa kanisa hili na la pili. Jamaa wakakumbuka kwamba shangazi yake wa Kasomeno hakupewa kitambaa chake siku ya harusi, na shangazi akikasirika mtoto hawezi kuja. Wakapanda lori na kitambaa kipya, cha maua. Shangazi akakipokea, akakifunga kiunoni palepale, akakigeuza huku na huku, akasema kizuri. Halafu akajaza maji mdomoni, akamrushia Chola tumboni, puu! “Nenda, uzale.” Chola alirudi anaimba. Mwezi haukuisha, nikamwona tena kando ya cherehani yangu.

Ndipo mama mkwe akatangaza: mvua zikiisha, atakuja msichana kutoka Sakania, mdogo wake yule mama wa Bijou, ukoo unaojua kuzaa. Chola akitaka, akae naye. Asipotaka, njia ya kwa kaka yake anaijua.

Weee! Mimi hasira zikanipanda mpaka nikashona mkono wa shati kwenye shingo. Nikamwambia, “Chola, umekunywa msitu mzima. Sasa nenda hospitali. Na si wewe peke yako, mwende wawili.”

“Baba Bijou hatakubali,” akasema.

“Basi anza wewe.”

Alikwenda kwa daktari mmoja kijana, Docta Numbi, mtu wa maneno machache na mikono safi. Huyo alimpa kipima joto, akiweke mdomoni kila asubuhi kabla ya kushuka kitandani, ili kujua kama yai linatoka. Akapimwa damu. Halafu wakampitishia dawa ndani, kwenye kizazi, wakapiga radio, ile picha ya ndani ya mwili, kuona kama mirija iko wazi. Alirudi anatembea polepole.

“Iliuma?” nikamuuliza.

“Iliuma sana, Mama Bahati. Lakini niliangalia ile picha. Docta alinionyesha na kidole, huku na huku, dawa inapita muzuri. Anasema miye niko muzima. Ndio kusema, miye niko muzima!” Alilisema mara nyingi, kama mtu anayejaribu kiatu kipya. “Sasa anataka kupima bwana.”

Na bwana akawaka. “Miye? Miye niko na mutoto Sakania! Huyu docta anatafuta nini kwa suruali yangu?” Ukuta wetu ulitetemeka. Majuma yakapita, mvua zikaanza kupungua, na kila Jumamosi kwenye salongo, tukifagia mitaro kwa amri ya serikali, nilimwona Kapya anakwepa macho yangu. Alijua mdomo wangu.

Aliyemshinda si mimi. Ni Chola. Alimwekea bukari, ugali wetu, na samaki, akasimama, akasema taratibu, “Bibi mupya atakuja. Muzuri. Na yee akikosa kuzala, utaleta wa tatu? Na yule wa tatu akikosa?” Kapya hakula. Kesho yake alikwenda hospitali, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi, kama mwizi wa kuku.

Yaliyofuata nilisimuliwa na Chola. Walipokwenda kupewa jibu, Docta Numbi aliwakalisha wote wawili, akasema kwenye maji ya kiume ya Kapya hakuna mbegu. Si chache. Hakuna.

“Ni juu ya moto ya kazi?” Kapya akauliza. Maskini, alitamani sana iwe tanuru.

Daktari akamwambia joto kali linaweza kupunguza mbegu, na mtu wa namna hiyo hubadilishiwa kazi, akangoja miezi, akapimwa tena. Lakini kupunguza si kumaliza. Akamuuliza kama aliwahi kuugua kule chini, usaha, uvimbe, maumivu ya kukojoa. Kapya akatazama sakafu. Akasema ndiyo, mwisho wa siku zake za Sakania, baada ya Bijou kuzaliwa. Alinunua sokoni vidonge vya rangi mbili, akameza mpaka maumivu yakaisha, akadhani amepona.

“Maumivu yaliisha,” daktari akasema, “lakini ugonjwa uliacha makovu, na njia za mbegu zimeziba pande zote.” Akawaeleza kwamba kuna upasuaji wa kuzifungua, unafanyika Ulaya, na hata huko wengi hawafanikiwi. Akasema pia kuna nchi ambako mke anasaidiwa kwa mbegu ya mwanaume mwingine. Kapya akainuka, akatoka nje. Chola akabaki kumwambia daktari asante.

Hakuniambia lolote la kumlaumu mumewe. Nililaumu mimi, kwa wote wawili.

Mvua zikaisha. Jumapili mchana jamaa wakakutana uani kwao. Mama mkwe alikuja amevaa kitambaa cha sherehe. Kaka yake Chola, Chanda, alikuja pia, kwa kuwa alisikia dada yake anafukuzwa. Chola akaniomba nikae nyuma yake, nikakaa. Nilijiapiza kwamba Kapya akinyamaza, mimi sitanyamaza, na liwe liwalo.

Kapya akasimama kabla ya mama yake kufungua mdomo. “Mama, usilete muntu. Shida haiko kwa Chola. Iko kwangu.”

“Na Bijou?”

“Bijou ni mutoto yangu. Nilimuzala mbele ya ugonjwa. Ugonjwa ilikuja nyuma, na ilimaliza.”

Mwanaume, mbele ya mama yake, mbele ya shemeji yake! Nilikuwa nimemwandalia matusi, ikabidi niyameze.

Chanda akainuka. “Basi tunamuchukua dada yetu. Iko muzima. Ataolewa pahali pengine, atazala.”

Hapo mama mkwe, yule yule, akapiga magoti. “Muke wetu, usimuache mutoto yangu.” Wote wakamgeukia Chola. Aliyekuja kufukuzwa ndiye anayeombwa. Kichwani nilipiga kelele: Nenda! Mwili wako mzima, nenda ukazae! Aliniangalia, akajua ninachowaza. Halafu akamwangalia Kapya, aliyekuwa amesimama na mikono imelegea, hajui aiweke wapi.

“Kaka, rudi muzuri,” akasema. “Miye nabaki na bwana yangu.”

Kapya akalia wazi wazi. Wanawake wakapiga vigelegele. Jua halijashuka, Chola akapita kwangu, na mimi nikamrukia. “Mwanamke! Umewashinda wote! Nani atakusema sasa?”

Akakaa. Palepale, kando ya cherehani.

“Mama Bahati,” akasema, “wakati ubaya ilikuwa kwangu, kila mwezi nilikuwa nangoja. Nilikuwa nakunywa dawa, nangoja. Sasa nitangoja nini?”

Mimi, na mdomo wangu huu wote, nilisogeza kiti changu karibu naye. Nilimshika tu, akalia, akalia kama hajawahi kulia miaka yote ile, na mikono ameikunja tumboni, kwenye tumbo lake zima.