Aliyegonga Polepole Siku ya Mahari

Mtu aliyezingirwa na moto hupiga kelele. Miaka yangu yote ya upompier, kazi ya kuzima moto, hapa Lubumbashi, sijamkuta anayegonga kwa adabu.

Isipokuwa yule.

Ilikuwa Jumamosi mchana, kule Katuba. Papa Floribert alikuwa anapokea mahari ya binti yake, Plamedie. Hema uani, viti vya plastiki, muziki mpaka barabarani.

Courant ya umeme ikakatika, wakawasha groupe, jenereta yao. Essence, yaani petroli, ilipokaribia kwisha, mtu akaijaza bila kuizima. Pembeni yake, mbabula, jiko la mkaa, imebeba sufuria ya kuku!

Moto ukaruka mpaka kwenye annexe, kijumba cha nyuma ya nyumba.

Tulipofika, wageni walikuwa barabarani, nusu yao wanafilimu. Mmoja akaniambia nisogee, eti namzibia picha.



Papa Floribert akanidaka mkono. "Chef, gari! Mwangia gari yangu maji kwanza!"

"Mule ndani iko muntu?"

"Hapana."

"Papa, niangalie mu macho. Iko muntu?"

"Minakwambia hakuna muntu! Gari, chef!"

Lakini macho yake yalikuwa kwa wakwe, si kwangu.

Tukaanza kumwaga maji. Mara mwenzangu Régine akainua mkono. "Munyamaze! Musikilize."

Ko. Ko. Ko.

Kikombe cha bati kwenye nondo za dirisha la annexe. Polepole, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

Nikazunguka mbio hadi mlangoni. Kufuli. Kwa nje! Nikapiga kelele niletewe chuma cha kuvunjia.

Kabla hakijafika, mkono ukanyooshwa kando yangu. Una ufunguo.

"Jaribu huu," akasema Papa Floribert, anatazama chini.

Jamani. Ulitoka mfukoni mwake.

Nikaingia kwa kutambaa. Chini ya dirisha nikamkuta bibi mzee, amejiziba pua kwa kitambaa. Mguu mmoja umevimba kama kinu, kidonda kinatoa maji. Nikambeba.

Nje, Régine akamlaza, akamfuta masizi. Bibi akakohoa weee, kisha akafungua macho.

"Mutoto wangu alitoka? Floribert wangu iko muzima?"



Ndipo akawaona wageni na vitenge vyao vya sherehe. Akajiziba mdomo.

"Hapana... nilitaka kusema patron. Patron iko muzima? Mi ni wa kazi tu, minafulaka nguo hapa."

Mama Huguette, mama wa kijana aliyekuja kuoa, akamgeukia mwenye nyumba. "Papa Floribert, si ulitwambia mama yako alikufa? Si tulikupa pole?"

"Mama, elewa... ule muguu, ile harufu. Siku kama hii! Ningemufungulia bageni bakisha kwenda."

"Na moto ulipowaka?"

Papa Floribert akageuka kutazama gari lake. Plamedie naye alikuwa anatazama kucha zake. Alijua muda wote.

Mama Huguette akavua kitenge chake cha juu, akamfunika bibi, wakampakia kwenye gari lao kwenda hospitali. Yule kijana, Chilufya, akapanda nyuma, akauweka ule mguu juu ya mapaja yake, bila kujali suti yake mpya.

Hawakuaga.

Mimi nikiwa nakunja mipira ya maji, Papa Floribert akanifuata tena.

"Chef, rangi ya gari yangu imebabuka. Minaenda kulalamika kwa nani?"

Nikamwekea ufunguo wake mkononi, nikaendelea kukunja mipira. 

Bibi anaitwa Mama Nkandu. Alipona. Uchumba ulivunjika, lakini yeye anaishi Kipushi, nyumbani kwa Mama Huguette, na mguu unatibiwa.

Ndugu zangu, zima groupe kabla ya kuijaza, mbabula ikae mbali nayo. Mlango wa chumba anamokaa mtu ufunguke kwa ndani.

Na pompier akikuuliza kama ndani kuna mtu, sema kweli. Moshi ukishatanda hatuoni kitu. Tunafuata mdomo wako.