Dakika Ishirini na Moja Siku ya Dote

Leo naweza kucheka, lakini mwezi mzima nilikuwa napita njia ya nyuma nisikutane na watu wa Kiringye, na kama munataka kunicheka, ngojeni kwanza nimalize, aibu iko nyingi, itawatosha wote.

Mwanzo wake ni majivuno. Binamu yangu wa Bujumbura alinipa mu flashi albamu ya kwanza ya kikundi kimoja cha wazungu wa nchi ya baridi, wale wanaopiga magita bila muimbaji, wimbo ukianza unaweka wali kwa moto na wali unaiva wimbo ungali unatafuta njia. Mwaka mzima pale kwetu Songo nilifundisha wenzangu ("munasikia hapo? hapo gita iko inalia"), wala hakuna aliyejua kwamba kila nikiweka ekutere masikioni, dakika ya tano nimelala. Naamka albamu imekwisha, kesho nasifu tena.

Ikafika siku ya dote, kupeleka mahari ya Neema, mchumba wangu. Baba yake ni mchungaji kule Kiringye, hataki rumba uani mwake, mu parseli yake; mjomba wangu, ndiye aliyekuwa anatusemea, ni Mkatoliki kabisa, naye hataki vikorasi vya mchungaji, basi wakagombania wimbo wa kumtoa bibi-arusi mpaka nikachoka. Nikasema minye niko na dawa: muziki usiokuwa na maneno, nani atagombana na gita? Wote wakasifu akili yangu.

Sasa kwetu bibi-arusi anatoka nyumbani amefunikwa kikwembe, kitenge kizima, shangazi yake mbele, hatua mbili mbele, moja nyuma, na hawakai mpaka wimbo uishe. Ukiukata katikati, umesema mbele ya watu wote kwamba humtaki. Ndiyo maana watu wenye akili huchagua wimbo wa dakika nne.

Nikabonyeza telefone. Gita ikaanza polepole, watu wakatikisa vichwa, mchungaji akasema, "Huu muziki iko na heshima." Dakika ya sita Neema na shangazi yake walikuwa wamefika kwa viti. Wimbo ukanyamaza. Shangazi Nabintu, mama mnene mwenye goti baya, akashika kiti, akaanza kuinama, gita ikarudi. Akanyooka. Wakazunguka parseli. Dakika ya kumi ukanyamaza tena, akainama tena, gita ikarudi tena. Mara ya tatu hakuinama, aliniangalia tu.

"Weye," mjomba akaninong'oneza, "huu wimbo iko na mwisho?"

"Iko nao."

"Umeshausikia huo mwisho?"

Nikajifanya narekebisha waya.

Dakika ya kumi na nne ngoma na magita yote yakaingia pamoja, bafle zetu mbili, spika kubwa kabisa, zikaruka, chupa zikagongana mu kasie, mbuzi wetu wa zawadi akakata kamba akaelekea upande wa Katogota. Mchungaji akasimama, akanyoosha mkono juu ya bafle, akaanza kukemea mapepo. Na mimi mtaalamu ndiyo kwanza najua kwamba wimbo ule una ngoma.

Nikamtazama Neema. Kikwembe kinatetemeka chote. Nikajua analia, huruma ikanishika, kidole kikaenda chenyewe: nikakata.

"Yoo!" mama mmoja akapiga kelele. "Amemukataa!"

Mchungaji akakaa chini taratibu. Wazee wao wakaanza kusimama, mjomba akavaa koti lake bila kuniangalia, na mimi niliyemngoja yule msichana miaka miwili nikaona anaondoka kwa kidole changu mwenyewe. Niliogopa kweli, ndugu zangu. Nikapiga magoti mu vumbi na suruali mpya.

"Shangazi, sikumukataa! Nilimuonea huruma. Huu wimbo sijausikia hata siku moja mpaka mwisho. Nilikuwa nadanganya watu."

Shangazi Nabintu akamvua Neema kikwembe (kumbe alikuwa anacheka, anacheka mpaka machozi, ndiyo kutetemeka kwenyewe), akamkalisha kwa kiti, na kikwembe akanitupia mimi kichwani.

"Wimbo uliokatwa unarudiwa toka mwanzo," akasema. "Lakini minye goti yangu imekwisha. Tembea weye."

Nikatembea. Dakika ishirini na moja, hatua mbili mbele, moja nyuma, nimefunikwa kikwembe cha maua ya njano, wamama wa Kiringye wananipigia vigelegele vya dharau, mchumba wangu anakunywa soda. Nilipofika kwa kiti, mchungaji akapangusa jasho (lake, mimi langu hakuna aliyelijali) akamwambia mjomba:

"Muntu mwenye amevumilia ile kitu mpaka mwisho, mutoto wangu hatamushinda. Tunawapa."

Ndivyo nilivyooa. Na nimeapa sitasifu tena wimbo ambao sijaumaliza, na nyinyi vijana mnaojivuna kwa muziki wa watu wachache, nawasihi: usikilizeni wote mungali nyumbani kwenu, musije mukausikia mwisho wake mukiwa bibi-arusi.