Nilivyopima njia tatu za kufuta memory ili mzani wa kahawa Bukiriro uonyeshe sifuri haraka

Wakuu, heshima zenu. Wataalamu mtanicheka, lakini nasimulia kama ilivyokuwa, siongezi chumvi.

Mimi ni fundi wa elektroniki hapa Ngara, code nimejifunza mwenyewe.

Msimu uliopita niliunda mzani wa kidijitali kwa kituo cha kahawa Bukiriro. Unasoma uzito mara nyingi, unatunza kwenye memory, unatoa wastani. Mtu akimaliza, unafuta memory yote ili kilo zake zisihamie kwa anayefuata.

Kufuta huko ndiko kulinitoa jasho.

Wakulima wetu wana utaratibu wao: gunia halipandi mpaka mwenyewe aone sifuri kwa macho yake. Mzani wangu ulichukua karibu nusu dakika kuionyesha. Foleni ikazunguka jengo.

Mama Generoza, mkulima asiyeogopa mtu, akasema mbele ya wote kwamba mashine inayowaza hivyo inatafuta namna ya kumwibia. Nilitamani ardhi inimeze.

Mwenyekiti wa kituo, Mzee Laurenti, nilimpa shikamoo, akaitika marahaba bila kunitazama. Akanipa mpaka siku ya kupima inayofuata, nikishindwa wanarudisha mzani wa zamani wa kuning'iniza. Na mimi nimeshawaahidi watu wa Kaniha kuwa nawafungia wao pia. Jina langu lilikuwa linaenda na maji.

Nikaandika njia tatu. Ya kwanza ile ile ya zamani, inafuta kasha moja moja la memory. Ya pili inafuta manane kwa mpigo, hii ndiyo nilijisifia. Ya tatu ya kizembe tu: inataja mahali pa kuanzia mara moja, halafu inamwaga sifuri mfululizo hadi mwisho.

Nikaanza na laptop. Ya pili haikutumia muda wowote! Nikamwita mke wangu aje aone mume wake.

Kumbe compiler, ile programu inayotafsiri code kwa mashine, imeona hakuna anayeisoma ile memory baadaye, ikaitupa kazi yote. Nilikuwa napima hewa. Mke wangu ananicheka mpaka leo.

Nikarekebisha, kila nikifuta naisoma tena. Ya pili bado ikaongoza kwenye laptop, ikaongoza na kwenye simu. Nikaipeleka kwenye bodi ya mzani kifua mbele.

Haikupunguza kitu. Nusu dakika ile ile.

Niliumia, wakuu. Halafu ndipo nikaelewa: memory ya mzani ni chip ya nje, haimo ndani ya ubongo wa bodi kama nilivyozoea. Hata ukiipa manane, bodi inayatuma moja moja, na kila moja linatanguliwa na anwani yake, yaani namba ya mahali linapokwenda. Muda wote unaliwa na anwani.

Nikajaribu ile ya kizembe, iliyoburuza mkia kwenye laptop.

Moja, mbili, tatu. Sifuri hiyo.

Nikarudia mpaka vidole vikachoka. Haikubadilika.

Siku ya kupima, Mama Generoza akawahi mbele. Akaiangalia sifuri, akaniangalia mimi.

"Rudia."

Nikarudia. Akataka tena, nikarudia tena. Kisha akawageukia wabebaji.

"Pandisheni."

Wakuu, sijawahi kupewa cheti kizuri kuliko hicho.

Nilichojifunza: pima kwenye kifaa kitakachofanya kazi, siyo kwenye kile kinachokupa raha.

Aliyewahi kuhangaika na chip za nje ashushe uzoefu hapa. Hizo sekunde tatu nazo nataka kuzipunguza kabla sijaenda Kaniha.