Mshika Bendera wa Baba Mdogo

Kila asubuhi, akishavaa viatu na kabla ya kuchukua mkoba, mama mdogo husimama mbele ya rafu ya sebuleni na kumsukuma askari mmoja begani kwa kidole cha mwisho. Humsukuma taratibu, kama anayeamsha mtoto. Askari hutikisika kidogo, kisha hutulia. Mama mdogo husema, "Haya," halafu nasikia viatu vyake vikishuka ngazi.

Askari mwenyewe ana urefu wa kidole. Mguu mmoja uko chini na mwingine hewani, kama mtu anayeruka mtaro, na mikono yote miwili imeinua bendera ya bati iliyo kubwa kuliko yeye. Alikuwa wa baba mdogo.

Baba mdogo alikuwa karani wa ghala, mrefu, mwembamba, mpenda utani. Jumamosi alasiri yeye na rafiki zake wawili, Mwalimu na Fundi Redio, walitandika kitambaa cha kijani juu ya meza ya chakula, wakapanga majeshi ya askari wadogo na kupigana kwa rula na dadu. Walikuwa na sheria yao: askari akianguka mwenyewe bila kupigwa, amekufa, anatolewa mezani. Na mshika bendera akifa, jeshi lake lote linarudi nyuma.

Mshika bendera wa baba mdogo hakukosa kuanguka. Mtu akiegemeza kiwiko tu mezani, huyo, kifudifudi.

"Jenerali, wako amelewa tena!" Mwalimu alikuwa akimpigia kelele baba mdogo.

"Hajalewa. Anawaza."

"Basi akawazie kwenye sanduku."

Mama mdogo hutengeneza meno bandia, katika karakana iliyo nyuma ya kliniki. Siku moja alishindwa kuvumilia, akasema kutoka jikoni, "Kitu hicho hakina mzizi! Umekigandisha kwa gundi kwenye ncha ya kidole cha mguu, unategemea nini? Lete nikitie waya."

"Mke wangu, vita na vibogoyo wapi na wapi?"

Wakacheka wote. Waya haukutiwa.

Kisha baba mdogo akapigwa na kiharusi. Upande wa kushoto uliopooza ulirudi, lakini haukurudi wote. Alitembea akishika ukuta. Tangu hapo, kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, mama mdogo alimsimamisha kwenye mlango wa jikoni bila fimbo, akamsukuma begani kwa kidole aone kama yuko imara. "Ananipima kama jino," baba mdogo aliniambia, akinikonyeza. "Nikitikisika sana ataning'oa."

Alianguka kwenye ujia, siku ambayo mimi nilikuwa chuoni na mama mdogo karakana. Hakuamka tena.

Mezani vita vya Jumamosi vilikuwa vimeachwa nusu, vimefunikwa shuka. Wageni wa msiba walipokwisha kutawanyika, Mwalimu alikuja, kofia mkononi.

"Shemeji, tumeona si vizuri Jenerali aachwe njiani. Jumamosi tuvimalize. Mimi nitamchezea, kwa haki kabisa."

"Na mshika bendera wake?"

Mwalimu aliangalia chini. "Sheria ni sheria, shemeji. Akianguka ameanguka. Hata marehemu asingekubali tumpendelee."

"Hataanguka," mama mdogo alisema.

Kesho yake alimfunga askari kwenye leso, tukaenda naye karakana. Alimbandua kwenye kitako, kile kiduara anachosimamia, akakwangua gundi kuukuu. Akachukua keekee nyembamba kama sindano na kuanza kutoboa kutoka unyayoni kwenda juu. Alitoboa wima, kama anavyotoboa meno kila siku. Lakini mguu wa askari umeinama mbele, na mizizi ya meno haikimbii vitani. Ncha ya keekee ikatokea kwenye muundi.

"Nimemtoboa," alisema, akaziba mdomo kwa mkono. Msibani hakulia mbele ya watu. Pale alilia, miwani ya kazi ikiwa bado usoni.

Alipotulia aliziba tundu kwa kile alichokuwa nacho: plastiki ya waridi inayotengenezewa fizi. Akatoboa upya, safari hii akiufuata mwinamo wa mguu, akaingiza waya wa kushikizia meno na gundi. Ncha ya chini aliipaka nta nyekundu, akaigusisha kwenye kitako iache alama ya mahali pa kutoboa, ila si katikati.

"Baba yako mdogo aliuweka mguu katikati kwa sababu hapo ulipendeza," alisema. "Kinachotakiwa katikati ni uzito."

Mguu ukakaa nyuma, karibu na ukingo, na bendera ikawa juu ya katikati. Waya ulipita kwenye kitako, ukakunjwa chini yake. Hapo chini akagandisha washa ya chuma, kile kipete cha kukazia skrubu, kuongeza uzito. Gundi ilipokauka alimsukuma kwa kidole. Akatikisika, akatulia.

Jumamosi Mwalimu alimwinua na kumchunguza. "Shemeji! Huyu kaota fizi mguuni!"

Fundi Redio alicheka hadi akakohoa, na mama mdogo naye akacheka.

"Si umpake rangi basi?"

"Rangi ile aliipaka yeye. Siiongezi."

Wakaanza kucheza. Jua likielekea kushuka, Fundi Redio aliinuka kufikia pembe ya mbali, goti likagonga meza. Dadu zikadondoka. Farasi wawili wa Mwalimu mwenyewe wakalala ubavu. Bendera ya bati ikayumba.

"Jenerali, wako ame..."

Mazoea yana taabu. Mwalimu hakumaliza. Bendera ilirudi mahali pake, ikatulia.

Jeshi la baba mdogo lilishindwa hata hivyo, lilikuwa limebaki dogo mno. Mshika bendera alisalia amesimama. Mwalimu alifuta miwani yake kwa muda mrefu, akamweka kiganjani mwa mama mdogo. Mama mdogo akamweka kwenye rafu, akaenda kuosha vikombe, hata vile visivyotumika.

Mimi si mwepesi wa kuuliza. Lakini asubuhi moja nilimkuta amemsukuma, anamsubiri atulie.

"Mama mdogo, unajua haanguki. Mbona unamsukuma kila siku?"

Alishika kitasa cha mlango.

"Siku aliyoanguka baba yako mdogo nilikuwa nimechelewa," alisema. "Nilipita tu. Sikumsukuma."