Kifaa cha kulainisha maji kimeingia jikoni

Maharagwe yameiva kabla ya saa sita. Kwangu! Kwa maji ya ziwa!

Wenzangu, mnayajua maji yetu: sabuni haitoi povu, birika linaota mawe ndani.

Jana, dukani mtaa wa Nyawera, nilikuta vifaa viwili vya kulainisha maji. Kimoja kirefu kama kabati. Kingine kinatoshea chini ya meza.

Nyumba yetu ni vyumba viwili. Nilichukua kile kidogo.

Mke wangu hakufurahi. "Papa, dada yangu anakuja kula kesho. Kama maharagi inabaki nguvu kama mawe, hii kitu inarudi ku duka."

Leo asubuhi nilikisafisha kwa chumvi, kama muuzaji alivyoagiza, nikayamwaga maji ya chumvi nje. Kisha nikamimina maji ya ziwa.

Nikanawa kwa sabuni: povu lilifika kwenye viwiko! Nilicheka peke yangu, mtu mzima mimi.

Mke wangu akapika maharagwe kwa maji hayo. Shemeji akafika. Akaonja. Akaweka kijiko chini.

"Citoyen shemeji, maharagi iko laini kabisa. Lakini chumvi iko wapi?"

Mke wangu akanigeukia. "Si uliweka chumvi mingi mu ile mashini? Nilizania maji iko nayo tayari!"

(Nilieleza. Hakuna aliyesikiliza.)

Shemeji alinyunyiza chumvi, akala, akaongezewa, kisha akamwambia mdogo wake: "Hii mashini isirudi ku duka. Kesho naleta nguo zangu zote."

Kimebaki! Nani kati yenu amefurahi kunishinda leo? Ajitokeze.